Nungunungu Aliyechimba Ua la Bi Kanga

Paukwa!
Pakawa!
Mbona mnaitika kivivu na uji mmekunywa? Paukwa!
Pakawa!
Haya, hapo sawa.

Hapo zamani za kale, bondeni aliishi Bi Kanga. Alikuwa na ua moja tu, amarilisi, jekundu, kubwa, mdomo wazi kama tarumbeta. Lilipandwa na marehemu mama yake. Kila masika likichanua, Bi Kanga hukaa mbele yake na kusema, "Shikamoo mama." Hakuwa na kumbukumbu nyingine ya mama. Hiyo tu.

Sasa, chini ya udongo amarilisi ina tunguu. Mviringo, nene, kama kitunguu cha mchuzi. Kama kitunguu, nasema. Si kitunguu. Lakini nani wa kumwambia Nungunungu?

Nungunungu akapita na njaa yake. Kwaru, kwaru, kwaru, akachimba. Tafu, tafu, tafu, akala. Tumbo likamsokota! Akagaagaa, miiba ikilia cheke-cheke-cheke. "Jamani nakufa! Nakufa jamani!"

Bi Kanga akaja mbio. Akaliona shimo. Habari ya tumbo hakuuliza.

"Umemla mama yangu."

"Mimi? Mimi nimekula kitunguu!"

"Umemla mama yangu," akasema tena, akalia.

Tumbo la Nungunungu likatulia. Aibu ikabaki. "Nisamehe, Bi Kanga. Nifanyeje?"

"Kwa makucha hayo hayo, tafuta kilichobaki."

Wakatafuta. Kando ya shimo wakapata watoto wawili wa tunguu, wadogo kama karanga. Kwenye bua lililoanguka wakapata kifuko kikavu. Bi Kanga akakipasua. Mbegu nyeusi, nyembamba, nyepesi. "Usipumue, zitaruka!" Nungunungu akabana pumzi mpaka macho yakamtoka.

Mbegu wakazitandaza juu ya maji kifuuni. Watoto wakawapanda.

"Tumbo ndani, shingo nje," akafundisha Bi Kanga.

"Tumbo ndani, shingo nje," akaitika Nungunungu.

Kulipokucha, Nungunungu huyo! Limeota? Kwaru, kwaru, akachimbua. Bado. Akafukia. Kesho yake, kwaru, kwaru. Bado. Akafukia. Siku iliyofuata, mtoto mmoja alikuwa ameoza mkononi mwake.

Bi Kanga akamtazama yule aliyeoza. Kisha akasema, "Amebaki mmoja. Huyu akifa, mama yangu ndiyo basi."

"Mikono yangu haitulii, Bi Kanga. Nifunge kamba!"

"Hata mimi makucha yananiwasha. Naenda kuparua kichakani, mbali. Wewe tafuta dawa yako."

Nungunungu akafikiri. Akashika mwiba wa mgongoni mwake. Nyofu! "Aii!" Akauchomeka kando ya tunguu. Nyofu! "Aii!" Akauchomeka mwingine. Akajenga uzio wa miiba yake mwenyewe. Asubuhi mikono ikienda kuchimba, chwi! Anachomwa, anakumbuka. Anakaa pembeni, anaimba:

Lala, tunguu, lala,
mimi nipo, sichimbi.

Mbegu zikatoa vimkia vyeupe majini. Wakazihamishia udongoni. Masika yakaja, yakapita. Majani tu. Masika mengine. Majani tu. Miiba ya Nungunungu ikaota upya. Majani tu! Nyinyi mngesubiri? Semeni kweli!

Ndipo yakaja masika, mtoto wa tunguu akatoa bua. Ua likafunguka. Jekundu, kubwa, lile lile.

Bi Kanga akakaa mbele yake. "Shikamoo mama."

Nyuma yake Nungunungu akasema polepole, "Shikamoo mama."

Masika yaliyofuata yakachanua maua ya zile mbegu. Lo! Moja lilikuwa jekundu lenye michirizi myeupe. Nungunungu akauliza, "Nimeharibu tena?"

"Hujaharibu. Mtoto wa tunguu hutoa ua la mama yule yule. Mbegu huleta mgeni." Bi Kanga akamtazama mgongoni, miiba myeusi kwa myeupe, akacheka. "Mgeni huyu kakufuata wewe. Mchukue."

Nungunungu akalipanda kwake. Tumbo ndani, shingo nje. Kisha akashika mwiba. Nyofu! "Aii!"

Basi wanangu, na nyinyi wazazi mnaojifanya hamsikilizi: ukiharibu cha mwenzio, kuomba radhi peke yake hakutoshi. Kaa, utengeneze, na usubiri.

Hadithi yangu nimeifukia hapo. Asiichimbue mtu.