Kwa Nini Mgeni wa Ziwa Lwiko Hukaa Kwanza Ukingoni

Zamani maziwa yalikuwa yanatembea. Msicheke. Mto unatembea hadi leo na hakuna anayeucheka. Siku hizo ziwa lilijibebea maji yake, samaki na vyura, likatafuta pa kutua.

Hapa penye maji palikuwa na kijiji. Bonde zima lilikuwa ulezi na migomba, na kule juu ukingoni, kwenye nyumba za wageni sasa, kulikuwa na mianzi na baridi tu. Asubuhi moja mjane aitwaye Tusekile alipanda kutafuta kuni, akalikuta Ziwa Lwiko limesimama njiani, limechoka, ukungu unalitoka kama ng'ombe aliyepandishwa mlima.

Tusekile akasema, "Karibu," akapita zake. Ndivyo tulivyokuwa. Tulimkaribisha kila aliyesimama, hata yule tuliyeomba moyoni aendelee na safari. Lakini Ziwa lilikuwa halijaambiwa neno hilo popote. Likamshukuru, likauliza nyumba yake ni ipi.

Aliposhuka na habari hiyo, mkuu wa kijiji, mzee Mwangoka, alimkaripia. "Mdomo wako umetumaliza. Rudi ukaliambie ulikuwa unasalimia tu."

"Wewe ndiye hodari wa kufukuza wageni, mzee. Panda mwenyewe."

Mwangoka hakupanda. Akapanda Tusekile, na alipofika akaona aibu kulimeza neno lake. Akaliambia Ziwa, "Nimeshakukaribisha, sirudi nyuma. Ila nyumba haijafagiliwa. Kaa hapa. Tukimaliza kuvuna nitakuja kukuambia ushuke."

Ziwa likakaa miezi mitatu. Watu wakavuna, wakahamia ukingoni huku wakinung'unika. Mwangoka peke yake hakuvuna. Alisema waziwazi, tena akicheka, kwamba suke moja likibaki shambani mavuno hayajaisha, na mgeni mwenye adabu atasubiri mpaka akauke. Wengi wakaona mzee ana akili. Wakaanza kurudisha mitungi yao bondeni.

Tusekile alipopanda tena alikuta Ziwa limepungua nusu. Samaki walikuwa wamelala ubavu kwenye tope.

"Bado?" Ziwa likauliza.

Halikulalamika, na hilo ndilo lililomkera zaidi. Angeweza kunyamaza. Ziwa lingekufa palepale, naye angebaki na migomba yake na nyumba aliyojengewa na marehemu mumewe. Hakuna ambaye angemlaumu. Tena wangemsifu.

Alishuka, akachukua kisu, akavuna shamba la Mwangoka peke yake kwa siku mbili. Wanaume walikuja kumtazama, wakachoka kutazama, wakaondoka. Ulezi wote akauweka mlangoni kwa mwenyewe.

"Umeingia shamba la watu," Mwangoka akasema.

"Nimeingia. Ulezi wako huo, mzee. Hama. Kesho namwita mgeni wangu."

Kesho yake alipanda akasema, "Shuka." Ziwa likashuka polepole, kama mtu anayeingia nyumba yenye mtoto aliyelala. Lilianza na nyumba ya Tusekile, kwa kuwa ndiyo iliyokaribisha. Yeye alisimama juu akaangalia paa lake likizama, halafu akaenda kukata mianzi ya kujengea nyingine. Mwangoka alitoka bondeni maji yakiwa magotini, kigoda chake kichwani.

Toka mwaka ule, yeyote anayekuja Lwiko, awe na kamera au kapu la viazi, hukaa ukingoni hadi mwanamke wa hapa aje kumwambia ashuke. Waongoza watalii hutusihi tufanye haraka, eti wageni wao wana ratiba. Hatufanyi haraka. Na aliyesimama tu njiani siku hizi tunamwambia habari za asubuhi, basi. Watu wa mabonde mengine hutuita wachoyo. Waseme. Ukisikia mtu wa Lwiko amesema karibu, ujue ameshahamisha vyombo.