Ahadi Isiyoandikwa Daftarini

Hapo zamani, enyi mliotega masikio, palikuwa na hospitali ya misheni juu milimani, na ndani yake alilazwa Mzee Sangiwa, mguu wake mmoja umekatwa. Siku nane mfululizo hakupata usingizi. Muuguzi Nakundwa alimwosha kwa maji ya uvuguvugu, hakulala. Akamkanda mgongo kwa mafuta, hakulala. Akakihamisha kitanda mbali na mlango, akaifunika taa kwa kitambaa, wala hakulala. Maana kilichomnyima usingizi hakikuwa kidonda.

Miaka saba nyuma, mwanawe Senyaeli hakuja kumzika mama yake, na mzee akatamka mbele ya ukoo mzima: "Hukumzika mama yako, na mimi usinizike." Kwa desturi ya watu wale, neno kama hilo hufunguliwa na kinywa kilekile kilicholifunga, kingine hakiwezi. Sasa mzee alikuwa amempelekea mwanawe ujumbe aje afunguliwe, naye alikesha akisikiliza nyayo barazani.

Jioni ya tisa Nakundwa akaketi kitandani pake.

"Lala, baba. Senyaeli akifika nitakuamsha, iwe saa yoyote."

"Na nikiwa nimelala kama gogo?"

"Nitakuvuta ndevu."

Mzee akacheka, akafumba macho, akalala kama mtoto aliyeshiba kifuani mwa mamaye. Dawa iliyomlaza ilikuwa ahadi ile.

Zamu ya Nakundwa ikaisha. Daftari la zamu lilikuwa na mahali pa dawa, mahali pa joto la mwili, mahali pa mkojo. Pa ahadi hapakuwapo. Naye kwa furaha aliandika maneno machache tu, kwamba mgonjwa amelala, Bwana asifiwe. Akaenda nyumbani.

Akaingia Eliwaza, muuguzi wa zamu ya usiku. Sheria ya wodi ile ilikuwa hivi: ifikapo saa kumi alfajiri, kila mgonjwa aamshwe, aoshwe, apimwe joto, na shuka zinyooshwe, ili matroni, mkuu wa wauguzi, akipita akute wodi inang'aa. Eliwaza aliamsha kitanda kwa kitanda. Alipofika kwa Mzee Sangiwa alikumbuka alichosoma daftarini, akamhurumia, akampita.

Saa kumi na moja Senyaeli akafika, vumbi la safari ya siku tatu limemjaa. Eliwaza akamnong'oneza kwamba baba yake amepata usingizi baada ya siku nane za mateso. Lakini akitaka, atamwamsha. Senyaeli akautazama uso ule kwa muda mrefu.

"Mwache, dada. Mimi ndiye niliyemnyima usingizi. Nitangoja kwenye benchi."

Jua likachomoza. Mzee hakuamka, wala hataamka hata siku ya parapanda.

Nakundwa alipopata habari alirudi mbio, akawaeleza wazee wa ukoo kwamba mzee alikwisha kusamehe moyoni. Walimsikiliza, wakalia naye. Lakini kinywa kilichofunga kilikuwa kimefungwa.

Ndipo wale watatu wakakaa pale penye benchi, kila mmoja akiuvuta mzigo upande wake.

Nakundwa akasema, "Ni wangu. Nilimlaza kwa neno langu, kisha nikaondoka na neno langu. Afadhali angekesha."

Eliwaza akasema, "Dada, wewe hukuwapo. Mimi nilikuwapo, na sheria ilikuwa mkononi mwangu. Ningemwamsha saa kumi kama wengine, wangeonana. Nilivunja sheria nikaiita huruma."

Kisha Senyaeli akasema, "Ninyi mlimpenda. Mimi nilipoambiwa amelala, moyo wangu ulifurahi kabla haujahurumia, kwa kuwa niliyaogopa macho yake. Niliomba saa moja zaidi ya kutotazamwa. Nikapewa."

Sitawafariji kwa uongo, ndugu zangu. Aonaye mioyo aliwaona wote watatu, na hakuna hata mmoja aliyetenda kwa chuki. Hata hivyo Mzee Sangiwa alizikwa siku ya pili yake, wajukuu wakatupa udongo, majirani wakatupa udongo, na mwanawe wa pekee akasimama nje ya ua wa masale, ile mimea izungushwayo makaburi, konzi ya udongo mkononi, asiruhusiwe kuitupa.

Basi ninyi mnaolala usiku na kuamka asubuhi, nihukumieni, nanyi mhukumu kwa kuogopa: kati ya aliyeahidi akaenda zake, na aliyehurumia akampita, na aliyengoja kwa sababu aliogopa, ni nani aliyemweka Senyaeli nje ya ua ule?