Fisi Aliyeatamia Mayai

Hapo zamani za kale, wanangu, enzi ambazo mnyama yeyote mwenye sauti nene aliweza kujipa cheo, Fisi alijipa cheo cha Mkaguzi wa Mabanda ya Kuku. Nani alimteua? Hakuna. Alivaa koti la kuokota, akachomeka kalamu isiyo na wino nyuma ya sikio, akaanza kuzunguka mtaani. Fisi, mkaguzi wa kuku! Hata mbu walicheka.

Kuku hawakucheka, wala bata. Kila banda alilolikagua lilibaki na wakazi pungufu. Kwa Mzee Bata alikuta watoto saba. Akasema wana ugonjwa wa macho, akawatia kwenye gunia kwenda kuwachunguza. Mzee Bata alipokwenda kuuliza habari zao, Fisi alimjibu huku akichokonoa meno: "Uchunguzi unaendelea."

Na kuhusu ufugaji, je, alijua nini? Hakujua hata kuku hunywa maji vipi. Asiyejua, kama ana akili, huuliza. Huyu alikuwa na tumbo tu, akili hakubahatika. Ukimwambia neno lolote alidakia, "Najua! Najua!"

Katika mtaa huohuo aliishi Bi Kishungi, kuku mdogo mwenye manyoya yaliyomsimama kichwani. Banda lake lilikuwa safi. Alikuwa ameliinua juu ya nguzo nne ili maji ya mvua yasiingie, ameacha matundu ya hewa karibu na paa, na kwenye kiota amemwaga majivu ya kufukuza utitiri. Ndani ya kiota hicho aliatamia mayai kumi na mawili.

Asubuhi ya siku ya ishirini na moja, to! to! to! Vifaranga wanane wakatoka. Mayai manne yakabaki kimya. Bi Kishungi akachukua moja, akalitikisa karibu na sikio. Chakacha-chakacha! Akatikisa la pili, la tatu, la nne. Yote yalikuwa viza.

Alikuwa anataka kuyapeleka shimoni aliposikia mlango. Ngo! Ngo! Ngo!

"Fungua! Ukaguzi!"

Bi Kishungi akageukia kiota. Wanawe hata manyoya hayajakauka! Kukimbia hawawezi, kuruka ndiyo kabisa. Wangehitaji wiki tatu ndipo mabawa yawafikishe kwenye tawi la mwarobaini uliokuwa kando ya banda. Wiki tatu, na Fisi yuko mlangoni na gunia!

Akafungua. Angefanya nini?

Fisi aliingiza kichwa, mabega yakakwama.

"Banda baya hili!" akafoka. "Kwa nini liko juu hivi?"

"Kwa ajili ya mvua, mkuu."

"Najua! Na haya matundu?"

"Ya hewa, mkuu. Banda lisilo na hewa huleta mafua."

"Najua! Najua! Yazibe yote." Kisha akawaona vifaranga. Mate yakamdondoka, to, to, to, mpaka kwenye koti. "Ahaa! Hawa wana ugonjwa wa macho. Watie humu."

Bi Kishungi aliwafunika wanawe kwa mabawa. Lakini alikuwa ameyasikia yale majibu, na akamfahamu mgeni wake.

"Sawa, mkuu," akasema. "Bahati yao kuchukuliwa na mtaalamu. Mimi nilikuwa nayasikitikia tu haya mayai makuu manne. Mtu kama wewe unajua habari zake."

Masikio ya Fisi yakasimama. "Mayai makuu? Najua! Hebu yaeleze wewe, nikupime."

"Madogo huanguliwa na mama, mkuu, na makuu hubaki. Kila moja hutoa kuku mnene kama mbuzi. Ila linataka mwili mkubwa wenye joto jingi. Mimi, kwa umbo hili, yamenishinda."

"Kama mbuzi!" Fisi alinong'ona. "Mbuzi wanne! Hilo nalijua tangu sijaota meno. Lete! Nachukua mayai, nachukua na vifaranga."

"Bila shaka. Ila unajua kwamba anayeyaatamia akionja nyama, hata ukucha, mayai makuu hugeuka maji."

Fisi akameza mate, gulup! "Na... najua."

"Na unajua kwamba ni siku ishirini na moja, hushuki ila mara moja kwa siku, ule pumba na kunywa maji. Sasa vifaranga wanane, wamo chumba kimoja na wewe, wanalia pii! pii! siku zote hizo, nawe usiguse hata mmoja..." Bi Kishungi akainamisha kichwa kwa adabu. "Labda utaweza, mkuu."

Fisi aliwatazama vifaranga. Akayatazama mayai. Akajikuna kisogo, akajikuna na tumbo.

"Nilikuwa nakupima tu," akasema. "Watunze hapahapa. Nikishaangua nitakuja kuwachukua, na wewe mwenyewe juu yao."

"Asante, mkuu. Yabebe taratibu."

Akayabeba taratibu. Mngemwona, wanangu! Jitu zima lenye taya za kuvunja mifupa linanyata kwa ncha za vidole, gunia limekumbatiwa kifuani, kwa ajili ya mayai yaliyooza.

Nyumbani alitandika majani makavu juu ya kitanda, akapanga mayai, akaketi. Mkewe akatoka jikoni na mwiko mkononi.

"Baba Kingugwa, unafanya nini hapo?"

"Naatamia."

"Unafanya nini?"

"Naatamia, mwanamke! Usipige kelele, unawashtua. Na usinipikie nyama tena, niletee pumba."

Mama Kingugwa aliangua kicheko mpaka akashika ukuta. "Mume wangu amekuwa tetea! Haya, na kutaga utaanza lini?"

Siku ya tatu tumbo la Fisi likaanza kuimba. Ngurrr! Siku ya saba mkewe alichoma paja la swala, kwa makusudi kabisa, mlango wazi. Fisi alilia machozi, akatafuna pumba. Siku ya kumi mbavu zilihesabika kwa mbali. Siku ya kumi na nne koti lilimning'inia mwilini kama limetundikwa msumarini.

Siku ya kumi na saba chumba kikaanza kunuka.

"Baba Kingugwa," mkewe alisema akiwa ameziba pua, "mayai haya yameoza. Umemuuliza nani habari zake?"

"Mtaalamu haulizi! Hiyo ni harufu ya kukomaa. Naijua."

"Basi komaa nayo peke yako." Akachukua mkeka wake, akahamia kwa dada yake.

Na huko kwa Bi Kishungi? Huko kazi ilikuwa inaendelea. Vifaranga walikula mchwa, wakala chenga za mahindi. Mabawa yakaota. Wiki ya kwanza waliruka wakaangukia vifua. Wiki ya pili walifikia kimo cha nguzo za banda. Kila asubuhi mama yao aliwahimiza, "Tena! Tena! Haya, tena!" Akahesabu siku, na hakuna siku aliyolala bila hofu. Wiki ya tatu, puru! puru! puru! wote wanane wakatua kwenye tawi la mwarobaini. Bi Kishungi akalia kwa furaha, sioni haya kuwaambia.

Siku ya ishirini na moja Fisi alituma wito kwa mtaa mzima: njooni muone kazi ya mtaalamu. Wakaja Kiboko, Punda, Nguruwe, wakajazana uani. Mzee Bata naye alikuja, akasimama nyuma. Fisi alikuwa ameburuta kitanda mpaka nje, ameketi juu yake kama sultani aliyenyimwa chakula.

"Wanakaribia!" akatangaza. "Kuku wanene kama mbuzi!"

"Tangu lini yai likatoa mbuzi?" Nguruwe aliuliza.

"Mjinga wewe hujui kitu! Nasikia linalia chini. Linapasuka! Ngoja nilisaidie kidogo." Akajikandamiza kwa nguvu zote zilizobaki.

PWAA!

Halafu pwaa! pwaa! pwaa! matatu yaliyobaki.

Lo! Harufu iliyotoka hapo haina jina. Punda alianguka chali. Kiboko alikimbilia mtoni, hakutoka siku mbili. Uji wa kijani ulimchuruzika Fisi makalioni mpaka kwenye visigino, na nzi wa mtaa mzima wakaja kama walioalikwa. Wanyama waliokimbia walikuwa wanacheka na kutapika kwa pamoja.

Mzee Bata peke yake hakucheka. Alisogea mpaka mbele ya kitanda.

"Bwana Mkaguzi," akasema, "ule uchunguzi wa wanangu umekwisha?"

Kwa mara ya kwanza Fisi hakuwa na "najua". Akakurupuka akiwa vilevile ananuka, akapepesuka kwa njaa hadi kwa Bi Kishungi, akavunja mlango, kraa! Ndani hakuna mtu. Akatoka, akainua macho. Kuku tisa walikuwa juu ya tawi, wamejipanga, wanamtazama. Akajaribu kurukia. Miguu ikamkataa, akadondoka puu!

"Umenidanganya!" alifoka kutoka mavumbini. "Mwizi wewe! Ungeniambia kwamba yale ni mayai viza!"

Bi Kishungi akaweka sawa manyoya ya kifua chake.

"Ningekuambiaje, mkuu?" akasema. "Kila nilipofungua mdomo ulisema unajua."

Ndivyo ilivyokuwa, wanangu, nami nimewapa kama nilivyopewa: anayejifanya anajua yote, hata mayai viza atayaatamia.