Nyayo za Sultani Kitopeni

Hapo zamani, bibi yako hajajua hata kukuna nazi, palikuwa na mji uitwao Kisimiri, na mji huo ulikuwa na kila kitu ila mahali pa kunyoosha miguu. Nyumba zilibanana hata mtu akipiga chafya kwake, jirani wa nyumba ya tatu ndiye aliyemwombea afya. Wazee walicheza bao vichochoroni, na kila punda aliyepita na mzigo alizimwaga kete, mchezo ukaanza upya. Wako waliokufa na bao la ujana wao halijamalizika. Na watoto walipiga mpira wa matambara humo humo, baina ya vyungu vya watu na vikapu vya samaki.

Basi siku moja mpira ule ukapigwa teke la haki, ukaruka ukuta, ukaingia dirishani kwa Waziri Badirani, ukatua katika bakuli la mchuzi wa pweza, naye Waziri ameliinamia anasema bismillahi. Mchuzi ukampanda ndevu. Akaondoka vivyo hivyo, ndevu zinamdondoka tui, mpaka barazani kwa Sultani, akataka michezo yote ipigwe marufuku mjini. Na kwa kuwa alikuwa mtu asiyetoka nyumbani kwa haja moja tu, akaomba pia apewe Kitopeni, ajenge tanuu la kuchomea chokaa.

Kitopeni palikuwa uwanja wa pekee uliosalia katika mji ule. Uzuri haukuwapo: matope, magugu, na vifuu vya nazi vya Kisimiri nzima. Lakini palikuwa wazi, upepo ukipita, na mtoto akikimbia pale hakuangusha chungu cha mtu. Ikawa watu waliposikia habari ya tanuu wakasikitika sana, wakatafuta mtu wa kwenda kuwasemea kwa Sultani. Kila mwenye mali akakumbuka ana shughuli. Mwenye elimu akaanza kukohoa. Akabaki Faki Mapengo.

Faki huyu hakuwa na mali wala meno ya mbele. Kibanda chake kilikuwa ukingoni mwa Kitopeni, na nguo yake ilikuwa moja. Siku ya kuifua alikaa ndani mpaka ikauke, na mkewe, Bi Mize, akawaambia wageni kwamba bwana yumo ndani, anafikiri. Na kwa kuwa mara nyingi alikuwa anafikiri, watu wakamdhania ni mtu wa hekima.

Basi Faki akaenda. Akamkuta Sultani Hamdani ameketi juu ya mito, mnene, miguu imevimba kama viazi vikuu, maana miaka mingi hakutembea. Alibebwa kwa machela, kile kiti cha miti miwili na wapagazi wanne, hata kutoka kitandani kwenda mezani.

"Nasikia waja kuwaombea watu mahali pa kucheza," akasema Sultani.

"Ndiyo, Maulana. Na njia ya kutembea, na miti ya kivuli, na mabaraza ya wazee, na pembea ya watoto."

"Na nani atalipa?"

"Hazina, Maulana."

Waziri akacheka mpaka tui lililobaki ndevuni likaruka. Akamkumbusha Sultani ada ya Kisimiri, nayo ilikuwa hivi: popote unyayo wa Sultani ulipokanyaga, hazina ilipatengeneza, pakafagiwa, pakamwagwa mchanga mweupe, pakapandwa miti ya kivuli, wala hapakujengwa tena kitu cha mtu mmoja, pakawa pa watu wote, ili wapate kusema, hapa alipita. Ada hiyo iliwekwa na babu yake Sultani, mtu mwembamba, aliyependa kuzurura. Tangu enzi ya machela, hazina haikutoa kitu, nayo ikanenepa pamoja na mwenyewe.

Sultani akapendezwa na maneno yale. Akasema, "Sikiliza, Faki. Hazina yangu hailipi ila pale nilipokanyaga kwa miguu yangu, na pale nilipokanyaga haikatai. Ukiweza kukifanya Kitopeni uwanja kwa sheria hiyo kabla jua la Siku ya Mwaka halijatua, ni cha watu. Usipoweza, Waziri atajenga tanuu lake, nawe utamchukulia mawe mpaka uzeeke."

"Na unyayo ukipinda, Maulana? Hazina italipa palipopinda?"

"Hata ukipinda kama mkia wa kinyonga. Unyayo ndio huu." Akataka kuuinua mguu auonyeshe, mguu ukakataa, wakaja watumishi wawili, wakausaidia, ukaonekana. Baraza zima likacheka. Faki naye akacheka, kwa adabu.

Akarudi nyumbani kwa kupitia Kitopeni, na hapo akaona wapagazi wa Waziri wamekwisha kuanza kushusha mawe. Akaliinua moja kulijaribu uzito. Akalirudisha upesi.

"Ehe, umepata nini?" akauliza Bi Mize, anachambua mchele.

"Nimepata kazi."

"Alhamdulillahi. Kazi gani?"

"Kuchukua mawe ya tanuu, mpaka nizeeke."

"Mbona basi ni ya wiki moja," akasema Bi Mize, akapuliza pumba. Kisha akamtazama mumewe, akaona hafanyi mzaha, akauweka ungo chini. Faki akamweleza yote, tangu tui la ndevu hata mguu uliokataa.

Bi Mize akaanza kucheka peke yake. "Hamdani huyu huyu? Hamdani Kiguumoto? Mume wangu, wewe si wa mji huu, hujui. Kabla hajatawazwa, zumari ya Songoro ikilia mtaani, yule alikuwa akiruka ukuta wa jumba, akaifuata mpaka viatu vikaisha soli. Mimi binafsi amenikanyaga vidole, hiki na hiki. Ni Waziri aliyemtia katika machela, akamwambia mfalme hatembei kama muuza maji. Miguu ile haikufa, bwana. Imelazwa tu."

Faki akakitazama kidole cha mkewe kana kwamba ndicho hati ya uwanja. Hapo hapo akatoka kwenda kwa Songoro.

Songoro alikuwa amezeeka, zumari yake ameitundika ukutani, akiishusha kwa harusi za watu wasiosikiliza. Alipoelezwa shauri akasema pumzi hana. Faki akamwambia haidhuru, atamtafuta kijana mmoja wa mtaa wa pili, asifiwaye kwa kupuliza vizuri kuliko yeye. Songoro akaishusha zumari. Bi Mize naye akawazungukia wanawake wa mtaa, akawaambia kila mmoja akate mzigo wa vijiti, urefu wa mkono, wala asimuulize sababu, maana mume wa mmoja wao alikuwa mpishi kwa Waziri.

Ikafika Siku ya Mwaka. Na siku hiyo Kisimiri ilikuwa na desturi zake: Sultani alizungushwa mtaa kwa mtaa kuwapa watu mkono wa mwaka mpya, na ngoma iliyopigwa siku hiyo haikuzimwa na mtu, hata Sultani mwenyewe, wala hakuadhibiwa mtu kwa kicheko. Basi alasiri machela ikafika Kitopeni. Waziri alikuwa ubavuni, na nyuma yake mtumishi ameshika kijinga cha moto, tayari kwa kuwasha kuni za tanuu.

Wakatazama. Matope yale yale. Magugu yale yale. Lundo la mawe, na Faki ndani ya nguo yake moja, imefuliwa.

"Uwanja u wapi?" akauliza Sultani.

"Uko papa hapa, Maulana. Umelala. Unangoja kuamshwa."

Waziri akamwambia Faki achague jiwe la kuanzia. Faki akainua mkono, na nyuma ya kibanda zumari ikalia.

Wasikilizaji wangu, ikalia ule wimbo wa ujana, ule wa kuruka ukuta. Sultani akageuza shingo. Kidole kimoja kikaanza kugonga mti wa machela. Kisha bega. Kisha wapagazi wakatazamana, maana machela ilikuwa inatikisika na wao wamesimama tuli.

"Nishusheni," akasema Sultani.

"Maulana, matope," akasema Waziri.

"Nishusheni, au nitajishusha mwenyewe niwavunje shingo nyote wanne."

Wakamshusha. Unyayo wa kwanza ukazama Kitopeni, fyo. Ukatoka. Ukazama wa pili. Na desturi ya ngoma ya zumari ni kwamba mpigaji hutembea na wachezaji humfuata. Basi Songoro akatembea. Akaelekea mti mkubwa wa mkungu, wa pekee pale uwanjani, Sultani nyuma yake, kilemba kimeinama, mikono hewani, anacheza vile watu walivyosahau kucheza. Nyuma ya Sultani wakaingia wanawake wakipiga vugo, zile pembe za harusini, na nyuma yao Bi Mize na wenzake, wameinama, na kila penye unyayo wa Sultani wakachomeka kijiti, upande huu na upande huu. Waziri akadhani ni mtindo wa ngoma.

Songoro akapinda, Sultani akapinda. Penye dimbwi akateleza, akazunguka kama pia, watu wote wakashika vifua; akasimama, akaendelea kana kwamba ndivyo alivyokusudia. Walipofika katikati Songoro akaanza kuzunguka, naye akazunguka, duara juu ya duara, likapanuka mpaka likawa la kutosha mpira na bao na harusi. Hata pumzi zilipowaishia wote wawili, Sultani akatafuta mahali pa kukaa, asione ila lundo la mawe ya Waziri. Akajitupa juu yake, jasho likimtiririka, anacheka peke yake kama mtoto aliyeiba sukari.

Faki akapiga magoti. "Maulana, tazama ulikotoka."

Sultani akatazama. Toka ukingoni mpaka mkunguni, na toka mkunguni mpaka kwenye duara, vijiti vimesimama safu mbili, vimeandama kila hatua yake, na penye dimbwi vimefanya kitanzi.

"Hiyo ndiyo njia," akasema Faki, "na lile duara ndio uwanja. Sasa twangoja mchanga wa hazina."

Waziri alifahamu kabla ya Sultani. Akaja mbio, akasema kucheza si kutembea, ada ni ya mwenye kutembea.

"Na mchezaji, Waziri, hukanyaga kwa masikio?" akauliza Faki.

Waziri akasema njia gani ya Serikali yenye kitanzi, na isitoshe lile lundo ni mali yake, tanuu litajengwa pale pale, maana pale Sultani hakukanyaga, ameketi tu.

Sultani akamtazama Faki kwa jicho la mtu aliyechezewa. Faki akajiona anachukua mawe hata kaburini.

Kisha Sultani akamgeukia Waziri wake. "Badirani. Hapa nilipoketi, miguu yangu iko wapi? Nimempa jirani aniwekee?" Akaipigisha yote miwili chini, matope yakamrukia Waziri ndevuni, mahali pale pale pa mchuzi. Hapo Sultani akashindwa kujizuia. Akacheka mpaka kilemba kikaanguka, na Kisimiri nzima ikacheka naye, maana ilikuwa siku isiyo na adhabu.

Alipopata pumzi akaamuru. Njia itengenezwe kama ilivyochezwa, na kitanzi chake. Lundo alilokalia liwe mabaraza ya wazee, na chokaa ya kuyapakia itoke kwa Waziri. "Moto unao tayari," akamwambia. "Nenda kachome ng'ambo ya mto, uniletee." Waziri akajaribu mara ya mwisho: akasema pembea haiwezi kulipiwa, kwa kuwa ipo hewani. Basi ikafungwa kamba mkunguni, Sultani akakalishwa, tawi likainama kwa uzito wake, miguu ikaburura chini huku na huku. Hazina ikalipa.

"Nawe Faki, wataka nini?"

"Nguo ya pili, Maulana," akasema Faki. "Nimepata mahali pa kutembea, na nikiifua hii siwezi kutoka."

Akapewa. Na tangu siku hiyo wageni hawakumkuta tena ndani akifikiri, na sifa yake ya hekima ikapungua kidogo. Ama mitaa mingine ya Kisimiri, kila mmoja ukatafuta mpiga zumari wake, na alfajiri ukamweka mlangoni pa jumba. Waziri akaamuru viatu vya Sultani vifichwe. Sultani akatoka pekupeku.

Hekaya yangu imeishiwa pumzi, nami naketi hapa. Mwenye miguu aendelee.