Mama Tumbili Amtoa Tunu Pangoni

Paukwa!
Pakawa!
Wadogo, sogeeni. Wakubwa, tegeni masikio, hii ni yenu pia.

Hapo zamani za kale palikuwa na Baba Tumbili na Mama Tumbili. Walikuwa na binti mmoja, Tunu. Tunu hasemi. Ukimwita, hageuki. Kutwa anazungusha kijiti, zungu, zungu, zungu. Kelele zikizidi, huziba masikio akalia.

Mtoni wanyama wakasema. Kanga akasema, "Mtoto yule karogwa!" Nyani akasema, "Hakufunzwa adabu." Fisi akacheka, "Mama yake alivunja miiko akiwa na mimba!"

Mama Tumbili akaona haya. Baba Tumbili akasema, "Mke wangu, bora abaki pangoni." Wakamficha. Mmoja akienda mtoni, mwingine analinda mlango. Wageni wakipiga hodi, wao kimya. Mwaka ukapita.

Siku moja Baba Tumbili akapitiwa na usingizi mlangoni. Tunu akatoka. Chapu, chapu, chapu, akateremka mtoni, kwa mamba.

Wazazi wakakurupuka. Wakamkuta Nyani njiani. "Umemwona mwanetu?"

"Nimeona mtoto akipita. Nikamwita, hakugeuka, nikamwacha. Watoto hukua, jamani. Mwaka mzima mmemficha, ningemjuaje?"

Maneno yale yakamchoma Mama Tumbili. Wakakimbia, mbio, mbio, hadi ukingoni. Tunu huyo, ameketi! Kando yake Mama Nungunungu, naye anazungusha kijiti. Na majini mamba, macho kodo.

"Msimvute," Mama Nungunungu akanong'ona. "Atarukia majini. Wangu yuko hivi hivi." Akazungusha kijiti, akarudi nyuma kidogo. Tunu akafuata. Akarudi tena. Tunu akafuata. Mpaka juu, penye nyasi kavu.

Mama Tumbili akalia. "Dada, maneno ya watu wewe uliyawezaje?"

"Nililia kwanza. Nilipochoka kulia, nikaanza kuwajibu."

Asubuhi yake Baba Tumbili akambeba Tunu begani. Wakaenda mtoni, mbele ya wote. Mama Tumbili akapaza sauti:

"Huyu ni Tunu wetu! Hakurogwa. Sikuvunja miiko. Amezaliwa hivi. Hasemi, lakini anasikia. Msimpigie kelele. Mkimwona peke yake, kaeni naye, mtuite."

Fisi akacheka, kwe, kwe, kwe!

"Cheka, bwana," Mama Tumbili akamwambia. "Ukimaliza utatukuta hapa hapa."

Fisi akacheka. Akatazama huku, akatazama kule. Hakuna aliyemsaidia kucheka. Akaondoka.

Kanga, yule mpayukaji, akasogea. Akashusha sauti. "Mama Tunu, mtoto anapenda kula nini?"

"Tini zilizoiva."

"Basi kesho nitamletea."

Wasemaji hawakwisha, la. Lakini Tunu alikwenda mtoni kila siku, na wazazi wake vichwa juu.

Basi jueni: mtoto si aibu. Ukimficha, unamnyima majirani. Mtoe nje, taja jina lake, simama naye.

Hapo hadithi yangu imeketi, nami naketi.