Tembo Aliyekuwa Anaonja Tu

Hadithi iingie?
*Iingie, mlango u wazi!*
Ije na nini?
*Ije na ukweli, na uongo wa kutosha!*

Basi palikuwa na Pimbi, mdogo, mnene, hana mkia. Aliishi kwenye mawe ya kichakani, kati ya hifadhi ya wanyama na shamba la Mama Mkawasi.

Kila jioni Tembo alitoka hifadhini. Tindi! Tindi! Tindi! Akapita kichakani, akaingia kwenye mahindi. Kwacha! Mstari mzima.

"Tembo, unanimalizia!" Mama Mkawasi alilia.

"Sili, mama. Naonja tu."

Kesho yake tena. Tindi! Tindi! Kwacha! "Sili, naonja tu."

Bwana wa hifadhi alikuwa amewaambia wakulima waache vichaka, wanyama wapate pa kupita. Mama Mkawasi akamjibu, "Wapite, sawa. Lakini mbona wanapitia sufuriani kwangu?" Akanoa panga ili akifyeke kichaka.

Pimbi aliposikia panga likinolewa, akaruka kutoka maweni. Akakimbia mpaka uani.

"Hodi, mama! Nikimfukuza Tembo, utaniachia kichaka?"

Mama Mkawasi akacheka. "Wewe? Hata mkia huna!"

"Kwani Tembo anafukuzwa kwa mkia?"

"Haya. Leo tu. Ukishindwa, kesho nafyeka."

Jioni, tindi! tindi! tindi! Pimbi akasimama juu ya jiwe.

"Shikamoo, mzee Tembo."

"Marahaba. Nipishe, naenda kuonja."

"Mahindi, mzee? Hicho chakula cha kuku! Kitamu chenyewe kimefichwa kwenye gogo lile linaloning'inia mtini."

"Kitamu gani?"

"Sisemi. Utakimaliza."

"Sitakimaliza! Nitaonja tu!"

"Basi bisha hodi. Bisha kwa nguvu, wapishi wamelala."

Tembo akagonga kwa mkonga. Ko!

"Hawajasikia, mzee."

Ko! Ko!

"Bado."

KOOO! Gogo likapasuka. Kumbe ni mzinga! Vuuuuu! Nyuki wakamwagika, wakaingia masikioni, wakaingia mkongani.

"Pimbi! Wapishi wanauma!"

"Hawaumi, mzee! Wanaonja tu!"

Tembo akageuka. Tinditinditindi! Akarudi hifadhini akipiga chafya njia nzima.

Mama Mkawasi alicheka mpaka akakaa chini kwenye majivu. Kichaka akakiacha, maana nyuki wanataka maua, na mizinga mingine akaitundika kuzunguka shamba. Majirani waliokuwa wakisema vichaka vinaleta balaa wakaja na ngazi kuuliza mizinga inatundikwaje. Mwaka huo Mama Mkawasi alivuna mahindi, na Pimbi akapelekewa sega la asali pale pale kwenye mawe yake.

Hadithi imechoka, naitua hapa.
*Itue, tumeipokea!*

Na funzo lake, wanangu: msidanganye kamwe. Pimbi alidanganya, na mmeona yaliyompata maskini: nyumba, asali, na jirani mwema.