Waliomvusha Siwatu Siku ya Fukuto

Hapo zamani, si zile za wafalme na mazimwi, bali zamani za juzi tu, wakati baiskeli ndiyo ilikuwa gari la wagonjwa, waliishi ndugu wawili katika kijiji cha Kilongoni. Mkubwa aliitwa Mtupa, mdogo aliitwa Ngwele. Mtupa alikuwa na mke, Siwatu, mwenye mimba yake ya kwanza. Na Siwatu alikuwa na mdogo wake, Mwanakombo, aliyekuja kukaa naye amsaidie siku za kujifungua.

Sikilizeni vizuri, maana mwishoni nitawauliza.

Uchungu ulimshika Siwatu alfajiri. Jua likapanda, mtoto hatoki. Mkunga akapapasa tumbo, akapapasa tena, akanyamaza. Na mkunga akinyamaza, nyumba nzima huogopa.

"Mtoto amekingama," akasema. "Huyu si wa mikono yangu. Mpelekeni hospitali, na mumpeleke sasa hivi."

Hospitali ilikuwa Mikoroshini, ng'ambo ya mbuga. Na siku ile ilikuwa siku ya fukuto. Masika yamekaribia, mawingu yamejaa, mvua haishuki. Upepo hakuna, hata wa kutikisa jani la mpapai. Mtu akikaa tu kivulini jasho linamtiririka, wala halikauki.

Wakafunga mto kwenye karia ya baiskeli ya Mtupa, wakampakia Siwatu. Ngwele akampakia Mwanakombo, naye Mwanakombo akapakata dumu la maji. Dumu lilikuwa moja tu, kwa sababu kisima kilikuwa kimebaki tope.

Kabla hawajatoka, Ngwele akasema, "Kaka, leo tusikimbie. Jasho lisilokauka halipozi mwili. Twende mwendo wa mtu anayeweza kuongea. Ukiona huwezi kuongea, umezidisha. Na tunywe kidogo kidogo, kabla kiu haijatushika."

Mtupa akamtazama kwa hasira. "Mke wangu anakufa, wewe unaniambia habari za kuongea?"

Akakanyaga.

Akakanyaga, akakanyaga, akakanyaga. Mbuga ile haina mti. Udongo umepasuka, majani yamekauka, mvuke unapanda kama wa sufuria iliyofunuliwa. Siwatu kamshika mumewe kiunoni, kila uchungu ukija anamfinya, na kila akifinywa Mtupa anaongeza mwendo. Ngwele na Mwanakombo wakaachwa nyuma.

Mwanakombo akapiga kelele, "Shemeji, simama unywe maji!"

"Mpe dada yako!"

"Shemeji, vua hilo shati, limekugandama!"

Hakujibu. Alikuwa hawezi tena kuongea.

Walikuwa wamefika mwisho wa mbuga baiskeli ya Mtupa ilipoanza kuyumba. Ikaenda huku, ikaenda kule. Siwatu akaruka chini, tumbo kalikumbatia, na Mtupa akaanguka na baiskeli yake. Ngwele alipofika akamshika kaka yake shavuni, akaondoa mkono upesi. Mwili ulikuwa moto. Macho yalikuwa wazi lakini hayamwoni mtu. Akawa anasema, "Fungeni mbuzi, fungeni mbuzi," na mbuzi hakuna.

Sasa tazameni hapo walipo. Huku mwanamke na mtoto aliyekingama. Huku mwanamume anayewaka. Maji ni yale yaliyobaki kwenye dumu, hayatoshi wote. Hospitali bado mbali, na kijiji kimebaki mbali nyuma.

Mwanakombo akalishika dumu kwa mikono miwili. "Dada, haya ni yako. Umekauka midomo. Nifanye nini?"

Siwatu alikuwa amepiga magoti barabarani, uchungu umemkaba. Ulipomwachia akasema, "Mmwagie mume wangu."

"Na wewe?"

"Mmwagie! Mimi bado najua jina langu. Yeye hajui lake."

Mwanakombo akalia, akafungua dumu. Ngwele akasimama katikati. Amwangalie kaka yake, amwangalie shemeji yake. Kisha akainama akamwinua Siwatu, akampakia kwenye baiskeli yake.

"Mwanakombo, kaa na kaka. Mimi naenda na shemeji."

"Utaniacha hapa na maiti, Ngwele?"

"Sijui," akasema Ngwele. "Sijui nakuacha na nini. Lakini nikibaki, tutakuwa na maiti wawili."

Akaondoka, hakugeuka nyuma. Alisema baadaye kwamba angegeuka angerudi.

Mwanakombo akamburura Mtupa hadi kwenye kichaka, akamvua shati, akalowesha kanga akamfunika kifuani, akammwagia maji kichwani, shingoni na makwapani. Upepo ulikuwa hakuna, basi akautengeneza yeye, kwa kanga ya pili. Akapepea, akapepea, akapepea. Mtupa akarusha ngumi, ikampata mdomoni. Akafuta damu, akapepea. Mikono ikamfa ganzi, akapepea. Mpaka Mtupa akafumba macho, akayafumbua, akauliza, "Siwatu yuko wapi?" Hapo ndipo akamwonjesha maji yaliyobaki.

Na Ngwele je? Ngwele alivua shati, akaenda mwendo ule ule aliousema. Baada ya mbuga njia ilipita penye mikorosho, na kila penye kivuli kizito alisimama, akahema, akaendelea. Penye mlima alishuka akasukuma.

"Ngwele, twende!" Siwatu akamlilia. "Unasimama nini? Nakufa nawe unapumzika!"

"Shemeji, nikianguka na mimi, hakuna wa tatu."

"Twende!"

"Tunakwenda, shemeji. Niongeleshe. Nitukane ukitaka, mradi nikujibu."

Siwatu akamtukana njia nzima, naye akamjibu, huku akihofia kwamba kila kivuli alichosimama ndicho kinachomuua mtoto. Walipofika, daktari alimpokea Siwatu mlangoni, akampasua. Akatoka na mtoto wa kike, mzima. Akasema, "Mama yupo. Lakini mngechelewa kidogo tu, ningewapa habari nyingine."

Jioni Mtupa na Mwanakombo wakatokea, wanaegemea baiskeli huku na huku, wako hai.

Mngedhani hadithi imekwisha. Haijaisha, maana ilifika siku ya kumpa mtoto jina. Bibi yao wale ndugu, Bi Nambuo, akampakata mtoto, akasema, "Desturi jina hutoa baba. Lakini huyu hakuja kwa desturi. Jina atoe yule aliyemvusha."

Mtupa akasema, "Ni mimi. Mbuga ile ndefu niliimaliza kwa miguu yangu. Daktari kasema tulikuwa tumebakiza kidogo. Kile kidogo nilikinunua kwa roho yangu. Ningekwenda mwendo wa Ngwele tangu nyumbani, tungezika. Aitwe Mwanamvua, jina la marehemu mama yetu. Na wewe Ngwele, uliniacha barabarani kama gogo."

Ngwele akasema, "Ni mimi. Uliyemchukua ulimwangusha, kaka. Niliyemchukua nilimfikisha. Nilikuacha, ndiyo, na bado sijapata usingizi. Aitwe Zawena. Mnajua nilimzika mwanangu Zawena hajatambaa."

Mwanakombo akasema, "Ni mimi. Ninyi nyote mlikuwa na wa kukimbia naye. Mimi nilibaki na mtu anayekufa, bila mtu wa kuniambia nafanya sawa. Mtoto huyu ana baba kwa sababu ya mikono hii. Aitwe Asumini, mama yetu mimi na dada, aliyekufa akinizaa."

Siwatu, aliyekuwa amelala mkekani, kidonda bado kibichi, akainuka kidogo.

"Na maji yalikuwa ya nani?" akauliza. "Kiu ile mliisikia ninyi? Nilimpa mume wangu maji ya mwanangu, nikapanda karia nikiamini nimemuua. Jina ninalo na mimi. Lakini silitaji mpaka niambiwe kama nina haki."

Ndugu wawili hawakutazamana. Mtoto akaanza kulia, na Bi Nambuo akampepea, asijue amwite nani.

Haya, ninyi mliokaa hapa kivulini. Aliyemaliza mbuga, aliyemfikisha mlangoni, aliyebaki akipepea, au aliyetoa maji yake? Mtoto analia, anangoja kuitwa. Je, nani alistahili?